Isale Nililompa Ndewario

Siku ile ilianza kwa maneno ya mama mkwe, kama zilivyoanza siku nyingine zote tangu niolewe.

"Mtoto ana miezi minne," alisema, akimenya ndizi bila kuniangalia, "na mkono wa mama yake bado mtupu kama wa msichana. Watu watasema mwanangu kaokota mke njiani."

Nilikuwa namwogesha Ruti kwa maji ya mfereji. Nikanyamaza. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la mwisho walilokuwa nalo, wakanifundisha kusoma, kuandika, hesabu, na kunyamaza mbele ya mkwe. Hilo la mwisho sikulifaulu vizuri.

"Mama," nikasema baadaye, "mwambie mwanao. Mimi sijivishi mwenyewe."

Kwetu Akheri, huku mlimani juu ya Arusha, mwanamke akizaa mara ya kwanza mume humvika bangili ya waya wa shaba, mizunguko mitatu au minne. Si pambo tu. Ni kusema mbele ya watu: huyu ni mama wa mtoto wangu. Kabla ya vita waya ulinunuliwa mjini Arusha, kwa Mhindi. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza Mhindi akafunga duka, na chochote kilichong'aa kikachukuliwa na boma la Wajerumani. Wanawake waliojifungua mwaka ule walitembea na mikono mitupu, na mama wakwe wao wakawa na la kusema.

Mdogo wangu Ndewario akaingia uani na jembe begani, matope hadi magotini. Alikuwa ametoka kuzibua mfereji. Alikuwa na miaka kama ishirini, hajaoa, na alikuja kukaa kwetu kumsaidia mume wangu kahawa kwa sababu mume wangu hakuwa na ndugu wa kiume wa kuzaliwa naye.

"Shikamoo, mama mkwe wa dada," akasema. "Msimsumbue. Mvikeni ganda la ndizi, nalo linazunguka mkono vizuri."

Mama mkwe akamrushia ganda. Likampiga shingoni. Akalivaa mkononi, akacheza nalo mbele ya Ruti, na Ruti akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto yule akicheka kwa sauti.

Jioni ile mume wangu, Kaanaeli, alikuja na kitu kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Akalifungua magotini pangu. Waya, mizunguko mitatu, umekunjwa vibaya kwa mkono wa mtu asiyejua kufua shaba. Lakini waya.

"Shemeji!" Ndewario akapiga kofi. "Umeupata wapi? Mhindi kafufuka?"

"Kula ndizi zako," Kaanaeli akamjibu.

Sikuuliza. Naliandika hili hapa mwanzo ili mtu asije akasema nimelificha. Mama mkwe alikuwa anatazama, na mkono wangu ulikuwa na waya, nami nikataka furaha yangu ya siku moja. Nikapata siku tatu.

*

Waya wa simu wa serikali ulipita upande wa chini wa shamba la mzungu mmoja, jirani yetu, ambaye naye alikuwa amekwenda vitani. Ulitoka huko penye mapigano ukaenda boma la Arusha. Sisi tuliuona kama tunavyouona mti wa mtu mwingine: upo, haukuhusu. Kaanaeli aliuona kama dhiraa mia za shaba zinazoning'inia bila mwenyewe. Sijui mtu mwingine duniani ambaye angefanya kosa la namna hiyo. Alikata kipande kirefu kama mkono, kumnyamazisha mama yake, na kwa kipande hicho jeshi zima likakosa kuzungumza kwa siku mbili.

Askari walikuja asubuhi ya siku ya nne. Walikuwa kama kumi na watano, na shaushi, yaani sajini wao, na afisa Mjerumani mmoja mwembamba, macho ya njano kwa homa, aliyekaa juu ya sanduku akanywa maji muda wote aliokuwa akitoa amri. Nyumba zetu zilikuwa sita, zote za ukoo mmoja wa mume wangu, zimezungushiwa ua wa masale. Walisimama nje ya ua, bunduki moja kila hatua kumi.

Nilikuwa jikoni. Niliivua bangili nikaizika ndani ya majivu.

Waliwatoa wanaume wote isipokuwa baba mkwe, Mzee Saruni, aliyekuwa mzee wa ukoo. Walikuwa saba. Wakawapeleka kwenye ghala la kahawa la yule mzungu, hatua mia mbili kutoka kwetu, wakafunga mlango kwa mnyororo.

Ndewario hakuwepo. Alikuwa juu, kwenye chanzo cha mfereji. Kila kijana wakati ule alijua kwamba ukiona askari unakimbia kwanza, kwa maana walikuwa wakikamata wapagazi, na mpagazi aliyekwenda hakurudi. Kwa hiyo alipoona kofia zao kutoka juu alijificha, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angejificha.

Shaushi akasimama katikati ya ua akatutangazia kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Waya wa serikali umekatwa. Hii ni vita, aliyekata ni adui. Bwana mkubwa anasema hivi: kesho jua likifika utosini, mnaleta mtu mmoja aliyekata. Hamleti, hao saba ananyonga wote. Mmesikia? Mmoja, au saba. Chagueni."

Akasema "chagueni" kama muuza nguo.

*

Wakatuzuia ndani ya ua. Hakuna kutoka kwenda kukata majani ya mbuzi, hakuna kuchota maji. Wakaziba mfereji kwa juu ili tuharakishe kufikiri. Adhuhuri mbuzi walikuwa wanalia, na watoto wanalamba mashina ya mgomba yaliyokatwa.

Nilipita mara nyingi kando ya ua ule nikitafuta pengo. Masale yale yalipandwa na babu wa mume wangu, yamebanana kiasi cha kuku kushindwa kupenya. Nilikuwa nimeyasifu sana nilipoolewa.

Alasiri wakaruhusu mwanamke mmoja apeleke chakula ghalani. Nikasema mimi. Mama mkwe alitaka kwenda yeye, nikachukua chungu mikononi mwake.

Ghala lilikuwa la mbao, na kati ya ubao na ubao palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Askari alinisimamia mgongoni lakini hakujua Kimeru. Nilipitisha ndizi moja moja. Vidole vya Kaanaeli nilivijua.

"Ni wewe," nikasema.

"Pitisha ndizi."

"Ni wewe, Kaanaeli. Waya ninao nyumbani."

"Wanajua," akasema. "Wote humu wanajua. Nimewaambia."

"Kwa hiyo?"

Nikawasikia wale sita wengine wakitafuna. Halafu binamu yake akasema kutoka gizani, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mpaka wa shamba: "Shemeji, yule mdogo wako amekimbia. Shaushi anajua kuna mtu amekimbia."

"Hakukata yeye."

"Anayekimbia ndiye anayekata," binamu akasema. "Kwa macho yao."

"Nasinyari," mume wangu akaniita kwa jina langu, na hakuwa akiniita kwa jina langu tangu nizae. "Ndewario hana mtoto."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Watu wamenieleza tangu hapo kwamba alikuwa na hofu, kwamba alikuwa hajalala, kwamba mtu akiwa ndani ya ghala hasemi yeye, inasema hofu. Sawa. Lakini hofu hiyo ilikuwa na sauti yake na vidole vyake, na ilijua kuhesabu. Wote saba walikuwa na watoto. Wote saba walikuwa wa ukoo mmoja. Ndewario alikuwa wa ukoo wangu, ng'ambo ya bonde, kwa mama yangu mjane.

Nikageuka na chungu. Askari akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia moshi. Hapakuwa na moto popote.

*

Usiku ule mtu hakulala, na sina la kusema juu yake. Asubuhi Mzee Saruni akaja mlangoni kwangu.

Lazima nieleze isale kwa wale wasiotoka mlimani. Ni mmea wa majani marefu, ndio tunaozungushia ua na makaburi ya wazee. Mtu akikukosea sana, au akiwa na ombi lisilosemeka, huchuma jani la isale, hulifunga fundo, hukuletea. Ukilipokea umekubali. Na huwezi kutolipokea. Mtu anayekataa isale, wazee wanasema, laana haimpati yeye, inampata mtoto wake. Mwuaji amewahi kuokoka kwa isale. Misheni walitufundisha kwamba ni upagani, na mimi niliandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani, nikasifiwa.

Mzee Saruni aliingia, akapiga goti moja. Mzee yule alikuwa hajapiga goti mbele ya mwanamke maisha yake yote. Akalitoa isale ndani ya shuka, lina fundo, bado lina umande.

"Mwanangu," akasema.

"Baba, usiniletee hilo."

"Mwanangu, saba."

"Mtoto wako ndiye aliyekata. Unajua."

"Najua." Hakuinamisha macho. "Ningeweza kwenda mimi, ningekwenda. Nilimwambia shaushi jana, nimekata mimi. Akacheka. Akasema mzee huyu hawezi kupanda nguzo."

Nilimwamini. Mpaka leo naamini kwamba alisema hivyo. Hilo ndilo linalonikera, kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Mpeleke Kaanaeli basi," nikasema. "Mmoja wametaka, mmoja yumo ghalani tayari. Mwambie ajitaje. Wengine sita watatoka, Ndewario atabaki mlimani, mimi nitabaki mjane. Nakubali."

"Humo ndani wameapa hawatamtaja."

"Nitamtaja mimi."

Akalisogeza isale mpaka likagusa mguu wa Ruti aliyekuwa amelala juu ya mkeka.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe. Nyuma yake wake wa wale sita wengine, na watoto wao, nikawahesabu watoto bila kutaka: kumi na saba. Mmoja wa wanawake wale alikuwa amenikatia kitovu cha Ruti. Hakuna aliyenitisha. Walinitazama tu, kwa adabu, kama watu wanaosubiri zamu yao kisimani.

Ningeweza kupiga kelele pale pale kwa Kiswahili, shaushi asikie: ni Kaanaeli. Neno moja. Nimelitamka neno hilo peke yangu mara nyingi tangu siku ile, shambani, kuona lina uzito gani. Halina uzito. Mtoto anaweza kulitamka.

Nililiokota isale.

*

Mzee Saruni alizungumza na shaushi. Shaushi akakubali nitoke kumleta mtoro, kwa sharti moja.

"Mtoto abaki," akasema. "Jua likifika hapa" — akaonyesha utosi wake — "hujarudi, utatukuta tumeanza."

Nikamkabidhi Ruti kwa mama mkwe. Alikuwa hajanyonya tangu alfajiri. Nilifanya hivyo kwa sababu nilidhani nitawahi.

Nilipanda kwa kufuata mfereji mkavu. Migomba ikaisha, kahawa ikaisha, ukaja msitu. Sikukutana na mtu. Maziwa yalianza kushuka nilipofika kwenye jiwe la kugawia maji, kitambaa kikalowa mpaka kiunoni. Ndiyo saa niliyokuwa nayo. Kila yaliposhuka nilijua Ruti analia.

Ningeweza pia kutomwona. Hilo nalo nalisema. Ningekaa chini ya mti, nirudi niseme sikumkuta.

Nikaita. Akatoka nyuma ya maporomoko ya maji, amelowa, anatetemeka kwa baridi, anacheka.

"Dada! Umeniletea ndizi au umeniletea mahubiri?"

Sikuwa na ndizi. Nilikuwa nimepanda mlima wote huo na sikukumbuka kumbebea mdogo wangu hata ndizi moja.

Nikamweleza. Ghala, saba, jua. Nilisema haraka, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Alisikiliza akikamua maji kwenye shuka yake.

"Nani kakata waya, dada?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na alama ya kijani mahali bangili ilipokaa siku tatu. Aliitazama alama ile. Alikuwepo nilipovikwa. Alikuwa amepiga kofi.

"Sijui," nikasema.

Akaitazama tena. Kisha akanitazama usoni kwa muda, na kile kicheko chake kikaondoka polepole, nikaona uso wake ungekuwaje angezeeka.

"Basi," akasema, "na mimi sijui."

Chini yetu, upande wa pili wa bonde, moshi wa jiko la mama yetu ulikuwa unapanda. Nyuma yake palikuwa na njia ya msituni inayozunguka mlima mpaka kwa Wamasai. Angefika kwao kabla ya jua kuchwa. Nilijua njia hiyo, na yeye aliijua kuliko mimi.

"Dada," akasema, "niambie nikimbie, nitakimbia."

Nilitoa isale.

Sikulitupa chini. Sikusema nimelazimishwa. Nilipiga goti juu ya mawe yenye maji, kama nilivyopigiwa mimi, nikamnyooshea mdogo wangu jani lile lile lililotumika kwangu, fundo lile lile. Mimi niliyeandika kwamba ni upagani.

"Unajua mtoto wangu yuko mikononi mwa nani," nikamwambia.

Maziwa yalishuka tena.

"Wewe una maneno machache siku hizi," akasema. "Simama, utapata baridi ya magoti."

Akalichukua.

*

Tuliposhuka alitembea mbele. Mahali palipoteleza alinigeukia na kunipa mkono.

Alipoona ua wetu kwa mbali aliuliza kama Ruti anaota jino. Nikasema bado.

Shaushi akamshika kabla hajafika mlangoni.

Wakatukusanya wote mbele ya ghala. Afisa hakuinuka kwenye sanduku lake. Aliuliza jambo, shaushi akalifasiri.

"Umekata waya?"

"Nimekata."

"Kwa nini? Nani amekutuma? Waingereza?"

"Sijui Mwingereza," Ndewario akasema. "Dada yangu alikuwa hana bangili."

Shaushi akafasiri. Afisa akamwomba arudie, akidhani amesikia vibaya. Akafasiri tena. Afisa akafumba macho yake ya njano, akasema neno moja, akaomba maji.

Ndani ya ghala hapakusikika kitu. Watu saba, na mbao zenye nafasi ya vidole viwili. Walisikia kila neno.

Nilidhani hapo Kaanaeli atasema. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilisimama nikitazama ule mlango, nikihesabu, kama vile unavyosubiri mtu aliyezama aibuke. Nilifika themanini.

Walitumia nguzo ya simu.

Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake macho. Mimi nilikuwa nimempokea Ruti, ananyonya kwa pupa, anakoroma. Sikufumba macho. Nilimtazama mdogo wangu mpaka mwisho kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kwao pale.

Hakusema kitu kingine.

Halafu wakafungua ghala.

Afisa alikuwa ameahidi kutowanyonga wale saba. Hakuvunja ahadi. Waliwatoa, wakawapanga mstari, wakawafunga kamba shingo kwa shingo, na kila mmoja akatwishwa sanduku. Mke mmoja alianza kushangilia alipomwona mumewe anatoka, sauti ikamkatikia katikati. Jeshi lilikuwa linarudi nyuma, lilihitaji migongo. Siku zote lilihitaji migongo. Nadhani lilikuja kwa ajili ya migongo, na waya ukawapa sababu.

Kaanaeli alipita mbele yangu. Alitazama chini. Wakaondoka kwa njia ya Arusha, na ua wetu ukabaki wazi, pande zote, na maji yakarudi kwenye mfereji.

*

Mwezi ule ule Waingereza waliingia mjini. Bendera ikabadilika. Askari wapya nao wakataka wapagazi.

Kati ya saba walirudi watatu. Wanne walikufa njiani kusini, kwa njaa na kuhara, hatujui makaburi yao. Kaanaeli alirudi baada ya mwaka na nusu, vidole viwili vya mguu havipo, anaamka akipiga kelele kwa lugha ya kambi. Nilimwogesha. Nilimpikia uji. Nilimfunga vidonda. Mtu akiniuliza kwa nini sikuondoka, nitamwuliza yeye ningekwenda wapi, kwa mama yangu?

Maana mama yangu aliambiwa kwamba Ndewario alikata waya, akajitokeza mwenyewe kuokoa watu. Ndivyo kijiji kizima kilivyosema. Mwalimu wa kanisa alimtaja katika mahubiri, akasema alijitoa. Watu wakalia. Mzee Saruni alimpelekea mama ng'ombe. Nilikaa kwenye benchi la wanawake, nikasikiliza, nikaimba wimbo uliofuata.

Hakujitoa. Alitolewa. Mimi ndiye niliyemtoa, kwa jani, na mume wangu ndiye aliyekaa kimya nyuma ya ubao. Watu wanapenda kuniambia: lakini tazama, mmoja kwa saba. Wanasema kwa upole, kama wananipa zawadi. Nawajibu: mmoja kwa watatu. Wakati mwingine najibu: na huyo mmoja hakuwa wenu. Wananyamaza. Na mimi nikiwa peke yangu siwezi kunyamaza hivyo, kwa sababu wapo watoto kumi na saba, na siku ile hakuna aliyejua kwamba baba wa wengi wao hawatarudi. Kama isale lingekuja leo asubuhi na Ruti amelala mkekani, sijui. Nimetafuta jibu la kusema singelipokea. Sijalipata, na hilo linanipandisha hasira kuliko Wajerumani wote.

Mwaka huu nimejifungua mtoto wa kiume. Siku ya nane Mzee Saruni akaja na wazee wawili na pombe ya ndizi.

"Tumekubaliana," akasema. "Aitwe Ndewario. Arudi nyumbani."

Wote wakafurahi. Kaanaeli alikuwa amekaa pembeni, analia kidogo, analia vizuri, watu wakimtazama kwa huruma.

"Hapana," nikasema.

"Mwanangu—"

"Hakuna mtu wa nyumba hii atakayelibeba jina hilo mpaka baba wa mtoto huyu asimame mbele ya watu aseme waya ulikatwa na nani. Akisema, nami nitasema langu."

Mama mkwe akashika kichwa. Kaanaeli akafuta macho.

"Nikisema," akaniuliza wageni walipoondoka, "watu wataniona vipi?"

"Watakuona ninavyokuona mimi."

Hajasema. Mtoto ana miezi mitatu na hana jina. Tunamwita Mdogo.

Wiki iliyopita mama yangu alivuka bonde kuja kumwona. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Alimpakata mtoto, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango, akamkuta na kidevu anachokijua.

"Huyu anaitwa nani?"

Nilikuwa na uongo tayari. Nimekaa nao miaka, umenizoea. Nikaufungulia mdomo, yakatoka yale mengine. Nilimwambia bangili. Nilimwambia ghala. Nilimwambia kwamba Ndewario alisema, niambie nikimbie, nitakimbia, na moshi wa jiko lake ulikuwa unaonekana kutoka pale tuliposimama.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alimlaza mtoto mkekani taratibu, akamfunika miguu. Akajifunga shuka. Akatafuta fimbo yake, na nilipompa hakuipokea mkononi mwangu; alisubiri niiweke chini, ndipo akaiokota.

Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo mfupi, unashuka, unavuka mto, unapanda. Mtu akichoma ndizi kwake nasikia harufu. Kila asubuhi nafika mtoni, nasimama pale na mtoto mgongoni, natazama kama moshi wake umepanda. Ukipanda, narudi.